Rangi ya ukutani au rangi ya doti? Ulinganisho kwa aliyepanga, na safari ya kuzifuata rangi

Duka la rangi linaweza kukuchanganyia rangi ya ukuta ifanane na kanga uliyonayo mkononi. Hakuna duka la kanga litakalokuchapishia kanga ifanane na ukuta wako. Kwa sababu hiyo moja tu, mwenye bajeti ndogo anayetaka chumba chenye rangi aanze na nguo na mkeka, ukuta uje mwisho. Wengi hufanya kinyume. Hununua lita nne za buluu waliyoipenda kwenye kadi ya dukani, wakapaka, kisha huzunguka Kariakoo wiki nzima wakitafuta mapazia ya kuendana nayo, na mwisho wanarudi na ya kijivu.

Ulinganisho huu una sehemu mbili: vitu vyenyewe vya kutia rangi nyumbani, halafu miji ya kwenda kuvitafuta kwa starehe, bila kukimbizana. Hesabu zote ni za chumba kimoja cha mfano: mita 3 kwa 3.5, kimo mita 2.7, mlango mmoja, na dirisha moja la mita 1.2 kwa 1.2. Cha kwako kikiwa kikubwa au kidogo, badilisha namba. Njia ni ileile.

| Kitu | Kazi yake | Ukihama | Adui yake mkubwa |
|---|---|---|---|
| Rangi ya maji, ukuta mmoja | siku mbili | inabaki | unyevu na chumvi ya ukuta |
| Chokaa yenye rangi | siku nne au tano | inabaki | kusuguliwa, mvua |
| Kanga | saa moja | unaondoka nayo | jua |
| Kitenge | siku moja kwa fundi cherehani | unaondoka nacho | jua, ushonaji wa haraka |
| Mkeka wa ukindu | hakuna | unaondoka nao | unyevu wa sakafu |
| Mchoro wa Tingatinga | misumari miwili | unaondoka nao | kukunjwa kabla haujakauka |

Kanga au kitenge?

Hapa ndipo pesa ndogo hufanya kazi kubwa, na ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, kila kimoja karibu sentimita 150 kwa 110. Kila kipande kina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapishwa, juu ya pindo la upande mrefu. Kitenge hakina mji wala jina. Ruwaza yake inajirudia, na huuzwa kwa yadi. Kipande cha yadi sita ni karibu mita 5.5, upana sentimita 115 hivi. Tofauti hiyo ya umbo ndiyo inayoamua kipi kiende wapi.

Kanga ni picha iliyokamilika. Ukiikata, umeiharibu. Kwa hiyo inafaa kubaki nzima: ukutani, juu ya kitanda, juu ya meza, au kufunika kochi lililochoka. Kitenge ni kitambaa cha kukatwa: mito, mapazia, viti, kivuli cha taa. Mtu anayeshona mito ya kanga hupata mto mmoja wenye kipande cha pindo, wa pili wenye herufi nne za jina, na wa tatu wenye nusu ya mchoro wa korosho.

Mapazia yanaonyesha tofauti vizuri. Fimbo ya pazia la dirisha letu iwe sentimita 150, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Pazia linalopendeza huhitaji kitambaa chenye upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya fimbo, la sivyo linaning'inia bapa. Vipande viwili vya kanga vikisimamishwa wima vina upana wa sentimita 220, karibu mara moja na nusu. Urefu ni 150, unaotosha kuanzia sentimita 15 juu ya dirisha hadi 15 chini yake, ilimradi usikunje upindo bali utumie vibanio vya pete. Tatizo ni kwamba jina sasa limelala ubavu na linasomeka kwa kuinamisha shingo. Vikilazwa, jina linasomeka na upana unafika 300, lakini urefu wa 110 hauzibi dirisha la 120. Ukitaka kanga dirishani kwa lazima, chagua kisutu: ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi, ambayo kwa kawaida haina jina na ruwaza yake haijali imesimama au imelala.

Kwa kitenge hesabu ni rahisi. Vipande viwili vya urefu wa sentimita 170 (150 za pazia, 20 za mikunjo ya juu na chini) ni mita 3.4, upana wa jumla 230. Kwenye yadi sita zinabaki zaidi ya mita mbili kwa ajili ya mito.

Mto wa sentimita 45 kwa 45 wenye mgongo wa bahasha, usiohitaji zipu, unataka kipande cha mbele cha 48 kwa 48 na viwili vya nyuma vya 48 kwa 33. Ukivipanga kwa kufuatana vinakula urefu wa sentimita 114, na upana wa kitenge unatosha safu mbili. Kwa hiyo kila sentimita 114 hutoa mito miwili, na yadi sita nzima hutoa mito minane na kipande cha karibu mita moja kinabaki. Ukitaka kubana zaidi, nyuma weka marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na ruwaza. Hakuna anayetazama mgongo wa mto, na bajeti inapumua.

Kabla ya kulipa, kagua mambo manne.

Kwanza, kunja kanga katikati, pindo likutane na pindo. Uchapishaji wa haraka huenda mshazari: mstari wa pindo haufuati uzi wa nguo. Mwilini haionekani, ukutani inaonekana siku zote, na hakuna namna ya kuinyoosha.

Pili, inue kwenye mwanga. Kanga mpya ina wanga mwingi, ndiyo maana inasimama kama karatasi. Sugua kona kati ya vidole: unga mweupe ukitoka, unene ule ni wa wanga, na baada ya kufuliwa utaona jirani yako kupitia pazia.

Tatu, chomoa uzi pembeni uuchome nje ya duka. Pamba huungua na kuacha majivu mepesi yenye harufu ya karatasi. Poliesta huyeyuka na kuwa kijishanga kigumu cheusi. Poliesta si mbaya kwa pazia, haipungui na haichuji haraka, lakini kwa shuka au mto wa kulalia ni joto, tena haipigwi pasi ya moto.

Nne, itoe mlangoni. Taa nyeupe za dukani zenye ubaridi huifanya damu ya mzee ionekane kahawia na huipa kijani ubuluu. Ombi la "Mama, naomba niione kwenye mwanga" halijawahi kumuudhi muuzaji makini, na anayekataa amekwambia unalohitaji kujua.

Nyumbani, fua kabla ya kushona. Pamba hupungua asilimia 3 hadi 5, yaani kanga ya sentimita 150 inaweza kupoteza 5 hadi 7. Pazia lililoshonwa kabla ya kufuliwa hugeuka kuwa fupi baada ya mwezi mmoja, na upindo wake hujivuta. Loweka peke yake kwenye maji baridi, suuza, rudia hadi maji yatoke safi. Kwa nyekundu na zambarau hiyo huwa mara mbili au tatu. Ile desturi ya kutia chumvi haigandishi rangi ambayo tayari imechapishwa kwenye nguo. Kinachosaidia ni kuosha ziada itoke, na kuanika kivulini upande wa ndani ukiwa nje.

Dirisha la magharibi ndilo linaloua nguo. Jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni huingia bapa na kupiga kitambaa moja kwa moja, na ndani ya miezi michache mikunjo ya nje inapauka huku ya ndani ikibaki na rangi, pazia likawa na mistari. Dawa ni bitana ya marekani upande wa kioo. Inaongeza mita tatu na nusu za kitambaa cha bei ya chini kabisa dukani na inalinda kile cha bei.

Kuhusu jina la kanga ya ukutani: soma vizuri. Sebuleni litasomwa na kila anayesubiri chai, akiwemo mama mkwe. "Wema hauozi" inakaa popote. Vijembe vipelekwe chumbani, kama ni lazima vipelekwe popote.

Kuitundika hakuhitaji dril. Kunja sentimita 5 upande wa juu, piga mshono mmoja upate mfereji, pitisha ubao mwembamba wa sentimita 2 kwa 2 wenye urefu wa 155, funga kamba ncha zote mbili, tundika kwenye msumari wa zege. Ubao mwingine chini huifanya ining'inie imenyooka. Gundi ya pande mbili usijaribu: inashika vumbi la chokaa badala ya ukuta, na msimu wa joto na unyevu kanga itakuwa sakafuni asubuhi.

Kikoi kimalizwe kwa maneno machache. Kimefumwa, hakikuchapishwa, kwa hiyo rangi yake iko kwenye uzi na pande zote mbili ni sawa. Ni kizito kuliko kanga, hakionyeshi, kinadumu. Kinafaa kochi na kitanda kuliko kitu kingine chochote hapa. Rangi zake ni za mistari tu, na hilo ni jema: chumba chenye kanga ya ruwaza kubwa kinahitaji mistari karibu yake ili macho yapumzike.

Mkeka

Kwa sakafu ya saruji, hakuna zulia la bei sawa linaloukaribia mkeka wa ukindu. Chane, yaani majani ya ukindu yaliyochanwa, hutiwa rangi kwenye maji yanayochemka, husukwa kuwa ukili, kisha ukili hushonwa upande kwa upande hadi upatikane mkeka. Jamvi ni jambo jingine, ni nene na la kazi, wala halina rangi za kupamba.

Tazama mishono kabla ya ruwaza. Mkeka hufa kwenye mshono: nyuzi zikiwa mbali mbali, ukili unaachana ukivutwa kidogo. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua pale palipo na zambarau au pinki. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye miguu na kanzu. Alama hafifu ni kawaida. Doa ni sababu ya kuuacha.

Mkeka unaharibiwa na unyevu unaopanda kutoka chini. Nyumba za chini zisizo na nailoni chini ya sakafu huvuta maji kipindi cha masika, na mkeka uliolazwa miezi mitatu bila kuinuliwa hupata kuvu upande wa chini huku juu ukionekana mzima. Unyanyue mara moja kwa wiki, usimamishe ukutani nusu siku. Uufute kwa kitambaa chenye unyevu, usiumwagie maji. Miguu ya kitanda iwekewe vipande vya raba, kwani chuma hukata chane.

Mkeka wa rangi nyingi na kanga ya rangi nyingi hugombana. Kama ukuta una kanga kubwa, chukua mkeka wa rangi yake ya asili wenye mstari mmoja au miwili. Kama mkeka ndio wenye makeke, ukuta ubaki mweupe.

Ukuta: rangi ya maji au chokaa?

Sasa una nguo na mkeka, na unajua rangi gani tayari zimo chumbani. Kata kipande cha upindo wa kitenge, nenda nacho duka la rangi.

Kuta nne za chumba chetu ni mzingo wa mita 13 mara 2.7, yaani mita za mraba 35; toa mlango na dirisha, zinabaki karibu 32. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwenye ukuta laini uliokwisha kupakwa. Lipu tupu inakunywa, huko tegemea 6 hadi 8. Mikono miwili kwa kuta zote ni lita 6 na nusu. Ukuta mmoja wa mita 3 ni mita za mraba 8.1, mikono miwili 16.2, lita 1.6: makopo mawili ya lita moja, na yanabaki ya kurekebishia mikwaruzo. Tofauti ya bei kati ya chumba kizima na ukuta mmoja ni karibu mara nne kwa kazi ileile ya macho, na kwa aliyepanga mjadala unaishia hapo.

Ukuta gani? Usiwe ule wenye dirisha. Huo unatazamwa dhidi ya mwanga, kwa hiyo rangi yoyote utakayoutia huonekana nzito na chafu mchana kutwa. Paka unaopokea mwanga, ule unaotazamana na dirisha au wa ubavuni.

Rangi kwenye kadi ndogo huonekana hafifu kuliko itakavyokuwa ukutani, kwa kuwa ukutani inajiakisi yenyewe. Ukipenda moja kwenye kadi, chukua iliyo nyepesi kuliko hiyo kwa hatua moja. Kisha paka mraba wa sentimita 50 kwa 50, mikono miwili, uutazame asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka. Taa ya mwanga wa manjano, ya kelvini 2700 au 3000, hupendezesha nyekundu, chungwa na samli, na huichosha buluu. Nyeupe ya 6500 hufanya kinyume. Kubadilisha balbu ni rahisi kuliko kupaka upya, na mara nyingi ndiyo dawa ya "rangi imekosewa".

Rangi ya maji isiyong'aa huficha mabonde ya ukuta. Ya silki inafutika kwa kitambaa lakini inaonyesha kila kovu la mwiko. Ukuta wa lipu ya kawaida, usio na skimu (ngozi laini ya kumalizia), upewe isiyong'aa.

Mambo yanayokwenda mrama huwa matatu. La kwanza ni lipu mbichi: ipe wiki nne ikauke, vinginevyo alkali yake hula rangi na madoa meupe ya chumvi hutokeza. La pili ni kuvu iliyopakwa juu yake. Itarudi ndani ya wiki chache. Ioshe kwa jiki, sehemu moja kwa tatu za maji, iache dakika 15, suuza, ikauke kabisa, na kamwe usiichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia, kwani hutoa hewa ya sumu. La tatu ni maji mengi kwenye kopo. Mkono wa kwanza juu ya lipu unaweza kupunguzwa kwa maji hadi sehemu moja kwa tano. Wa mwisho usizidi moja kwa kumi. Fundi anayesema "tuongeze maji kidogo ifike" anakupunguzia rangi, na utaona alama za rola jua likipiga. Makopo mawili yamimine ndoo moja uyakoroge kabla ya kuanza, maana hata ya namba moja huweza kutofautiana kidogo. Selotepu ya karatasi iondolewe rangi ikiwa bado na unyevu. Ikikauka inang'oka na kingo.

Chokaa inashinda mahali pamoja: ukuta wa mawe au wa zamani, wenye unyevu, ambao haujawahi kupakwa rangi ya maji wala ya mafuta. Inapumua, maji yanatoka badala ya kunaswa nyuma ya ngozi ya rangi na kuibandua. Ndiyo sababu warekebishaji wa nyumba za Mji Mkongwe hushikilia chokaa na kukataa saruji: saruji hufunga unyevu na chumvi ndani ya jiwe la matumbawe, na ukuta huoza kutoka ndani. Juu ya rangi ya maji, hata hivyo, chokaa haishiki. Itadondoka kama magamba. Mpangaji wa nyumba ya matofali iliyopakwa tayari asihangaike nayo.

Anayeiweza, aiandae hivi. Chekecha, loweka usiku kucha, changanya hadi iwe nyepesi kama maziwa. Rangi ya unga iwe ya madini, ile oksaidi ya nyekundu, ya manjano au ya kahawia, kwa sababu rangi nyingi za nguo huungua ndani ya chokaa na kupauka. Isizidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa kavu, yaani gramu 300 kwa kilo 3. Ikizidi, chokaa haiwezi kuishika na itakuwa ikitoka kwenye kila shati linaloegemea. Lowesha ukuta, paka mikono mitatu au minne myembamba, kila mmoja ukauke siku nzima. Mkono mnene hupasuka. Mbichi huwa nzito mno kuliko ikikauka, kwa hiyo jaribu kwenye kipande cha tofali, ikauke, ndipo uamue. Vaa glavu na miwani: chokaa jichoni si jambo la mzaha.

Mchoro wa Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Alitumia rangi za mafuta zinazong'aa, zile za baiskeli, juu ya mbao ngumu zilizoshindiliwa za mraba wa karibu sentimita 60. Waliomfuata walihamia pia kwenye turubai. Kwa mapambo ya bei nafuu, mchoro mmoja wa 60 kwa 60 juu ya ukuta mweupe hufanya kazi ya ukuta mzima uliopakwa rangi. Juu ya ukuta wa rangi kali, hupotea.

Rangi ya mafuta hukauka juu haraka na chini polepole. Bonyeza kwa ukucha pembeni pale palipo na rangi nene, ikibonyea, usiukunje. Turubai iliyokauka huviringishwa rangi ikiwa nje, kwenye bomba pana, na karatasi laini juu yake. Rangi ikiwa ndani, hujikunja na kupasuka.

Uende wapi?

Miji minne inastahili kulinganishwa, na kila mmoja una kitu chake.

Mombasa ni mji wa kanga. Mtaa wa Biashara, karibu na Marikiti, umejaa maduka ya nguo mlango kwa mlango, na hapo ndipo lilipo duka la "Mali ya Abdulla", biashara ya kanga yenye asili ya mwaka 1887. Faida yake ni kwamba unaona mamia ya doti ndani ya hatua mia chache, na unaweza kurudi dukani mara tatu bila nauli. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala. Siku za kuelekea Idi mzigo mpya huwa mwingi na msongamano vilevile. Mwenye kusafiri kwa starehe aje wiki mbili kabla au baada.

Dar es Salaam ni mji wa vitenge na bei za jumla. Mtaa wa Uhuru na mitaa ya Kariakoo inashinda kwa wingi, na michoro ya Tingatinga unaipata Oysterbay, eneo la Morogoro Stores ilikoanzia. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kiliwahi kuvisha nchi nzima kanga; siku hizi kanga nyingi madukani hutoka India, na hizo ndizo za kukagua mshazari wa pindo kwa makini. Kwa starehe, Dar ndiyo ya mwisho kati ya minne. Kariakoo si mahali pa kutembea polepole. Nenda asubuhi saa tatu, nunua, toka kabla ya saa sita.

Unguja ndiyo ya mkeka, na ndiyo inayofaa zaidi kwa anayetaka safari na manunuzi kwa pamoja. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar huchukua karibu saa mbili. Darajani kuna mikeka, misala na vikapu, na mingi imesukwa Pemba. Mji Mkongwe, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, unafundisha rangi bure: chokaa iliyozeeka ikawa ya samli, milango ya hudhurungi, kanga kwenye kamba za kuanikia. Tembea saa kumi jioni kuta zinapopata joto la rangi. Saa saba mchana jua lipo utosini na kila kitu ni cheupe au cheusi.

Lamu ni ya kuangalia. Kutoka Mombasa basi hufika Mokowe, kisha boti. Vya kununua ni vichache kuliko Mombasa, na vikoi ndivyo vya kuchukua. Lakini hakuna shule bora ya kupamba kwa rangi kuliko nyumba za mawe za mji wake mkongwe, ulioingia orodha ya UNESCO mwaka 2001: kuta nyeupe kabisa za lipu ya chokaa, boriti nyeusi darini, zidaka za kuwekea sahani za kaure, na rangi yote iliyobaki iko kwenye mikeka, matakia na nguo za watu. Mwenye bajeti ya safari moja kwa mwaka, ambaye bado hajui anataka chumba cha namna gani, aende Lamu kwanza. Anayejua tayari, aende Mombasa au Unguja.

Epuka masika, Machi hadi Mei: mikeka hukaushwa kwa shida, na huo ndio wakati wa kuuziwa ulioanza kuvunda. Unuse. Panga angalau siku mbili kila mji, ya kwanza usinunue kitu; tazama, uliza bei, lala.

Begi liwe na vitu vitatu: futi ya fundi, karatasi ngumu iliyopakwa mikono miwili ya rangi ya ukuta wako kama umekwisha kupakwa, na kipande cha kitambaa cha kochi. Picha ya simu haifai kwa kulinganisha, kwa kuwa kamera hujirekebishia weupe yenyewe na buluu ya picha si buluu ya ukuta. Doti moja ina uzito chini ya nusu kilo, kitenge cha yadi sita chini ya kilo moja, kwa hiyo nguo hazina shida ya mzigo. Mkeka ndio wenye shida. Usiukunje, ukindu huvunjika kwenye mkunjo na alama haitoki. Uviringishe ruwaza ikiwa nje na uufunge sehemu tatu. Bomba la mita 1.8 linapanda boti na buti ya basi, ndege hapana. Msafiri wa ndege atafute ukili ambao haujashonwa, unaoviringika mdogo, aushone nyumbani kwa sindano nene: kwa upana wa sentimita 10, mkeka wa mita 1 kwa 2 unakula mita 20 za ukili, ongeza mbili za kingo.

Ukihama

Wenye nyumba wengi hudai ukuta urudi mweupe. Samli, manjano hafifu na kijani cha majani machanga hufunikwa na mikono miwili ya nyeupe. Damu ya mzee, buluu nzito na zambarau zinataka mkono mmoja wa praima (rangi ya kutangulia) kisha miwili ya nyeupe, yaani kwa ukuta wetu lita mbili na nusu badala ya moja na nusu na ushee. Liulize hilo kabla ya kusaini mkataba, na gharama yake uijumlishe kwenye bei ya rangi kali siku ile unapoinunua.